Mwalimu awaongoze watoto msituni

Katika Kata ya Sanje, Wilaya ya Kilombero, milima ya Udzungwa huanza pale yanapoishia mashamba ya wananchi. Upande mmoja kuna miwa na mpunga. Upande wa pili kuna msitu unaopanda mlima bila kukatika, tangu tambarare ya kiasi cha mita 250 juu ya usawa wa bahari hadi kupita mita 2,000. Hakuna mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo msitu umebaki umeungana namna hiyo. Ndani yake yapo maporomoko ya Sanje, yaangukayo kiasi cha mita 170, na watalii huvuka bahari ili wayaone. Swali tunalotaka kuliuliza leo kwa walimu, maafisa elimu na watumishi wote wanaohusika ni hili: mtoto wa shule ya msingi wa hapo Sanje ameingia mara ngapi katika msitu huo akiwa na mwalimu wake, daftari na penseli mkononi, kwa ajili ya somo lililomo katika ratiba ya wiki?

Wahusika wanalijua jibu, na hatuna haja ya kuwaaibisha kwa kulitaja.

Tungependa kwanza kukumbusha kisa kimoja. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, juu ya Sanje, waliposikia mlio wa kima wasiyemfahamu. Kiongozi wao wa njia, ambaye alikuwa mwenyeji, hakuwa na shaka hata kidogo. Alimtaja mnyama yule kwa jina lake, ngolaga. Hatimaye walionyeshwa kijijini mtoto wa kima huyo aliyekuwa akifugwa. Hivyo basi, mnyama ambaye vitabu vya sayansi vya dunia nzima vilikuwa havimjui alikuwa anajulikana Sanje kwa sauti, kwa sura na kwa jina. Leo jina lake la kisayansi lina neno Sanje ndani yake, naye hapatikani porini popote duniani isipokuwa katika milima ya Udzungwa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sifa ya watafiti, na sifa hiyo wanastahili. Lakini kwa mwalimu wa shule ya msingi kina maana nyingine. Yule kiongozi wa njia hakuupata ujuzi wake katika kitabu. Aliupata kwa kutembea na watu waliomtangulia, akiuliza na kujibiwa, akikosea na kusahihishwa, mpaka sikio lake likaweza kutenganisha mlio mmoja na mwingine. Ilikuwa elimu kamili, ila haikuwa na cheti. Nani anayeifanya kazi hiyo leo?

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ikiwa na eneo la kilometa za mraba 1,990. Kwa miaka mingi baada ya hapo wananchi wa vijiji vya mpakani waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Hatuandiki haya kwa nia ya kulalamikia katazo hilo. Msitu ule ndio unaolisha vijito, vijito ndivyo vinavyolisha bonde, na uokotaji wa kuni ulikuwa umeanza kuugusa msitu wenyewe. Hata hivyo, ni lazima tukubali jambo moja ambalo halikuwa katika hesabu za mtu yeyote. Siku ile ya kuni ilikuwa pia siku ya shule. Mtoto aliyemfuata mama yake alijifunza mti upi huwaka vizuri na upi hutoa moshi mwingi, nyayo zipi ni za nguruwe na zipi ni za paa, na maji yapi hunyweka. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa katazo sasa amekwisha kumaliza shule ya msingi, au yu karibu kumaliza, na yawezekana kabisa hajaingia msituni hata mara moja.

Aidha, Sanje si kijiji cha ukoo mmoja. Mashamba ya miwa ya Kilombero na ujenzi wa reli ya TAZARA, ambayo kazi yake ilifanywa kati ya mwaka 1970 na 1975, vilileta katika ukanda huo watu wa makabila mengi kutoka kila pembe ya nchi. Wakazi hao ni wachapa kazi, na bonde limewapokea. Lakini mzazi aliyetoka mbali hawezi kumrithisha mwanawe majina ya miti ambayo yeye mwenyewe hakuikuta kwao. Nyumbani hakuna wa kufundisha, msituni hakuna ruhusa ya kuingia bila kiongozi. Amebaki mwalimu peke yake.

Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Sanje anaujua msitu kwa mambo mawili tu: makatazo na hasara. Anajua kwamba ukionekana umebeba mzigo wa kuni kutoka kule utakamatwa. Anajua kwamba usiku tembo hushuka na kula mahindi ya baba. Mambo yote mawili ni ya kweli. Lakini mtu aliyefunzwa hayo tu kwa miaka 7 ya shule, akija kuwa mwenyekiti wa kijiji, diwani au hata askari wa hifadhi, atausimamia msitu ule kwa moyo gani? Taifa limekabidhi mali hii kwa vizazi vitakavyoishi pembeni yake, na vizazi hivyo vimo madarasani sasa hivi, vikinakili ubaoni.

Hapa hatuna budi kujikosoa wenyewe, kwa maana sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kusema kwamba elimu isitenganishwe na maisha. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao Mwalimu Nyerere aliutoa mwezi Machi 1967, ulidai kwamba shule ziwe sehemu ya jumuiya inayozizunguka, na kwamba shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia: mwanafunzi apande, apime, alinganishe, akosee na ajue kwa nini amekosea. Yaliyotokea katika shule nyingi ni mengine. Shamba la shule liligeuka kuwa shamba tu. Watoto walilima bila kupima wala kulinganisha chochote, na baya zaidi, kazi ya nje ikawa ndiyo adhabu ya mchelewaji na mtoro. Aliyekosa hesabu alipelekwa kufyeka majani. Mpaka leo, mwalimu akimwambia mwanafunzi “toka nje”, mtoto hafikirii somo. Anafikiria amekosa nini.

Kadhalika, tunakumbuka miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto waliandikishwa kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, na kufikia Novemba 1977 madarasa hayakutosha. Watoto wengi walisomea chini ya miembe. Tuliona aibu, na tulikuwa na haki ya kuona aibu, kwa kuwa mvua haina huruma na ubao hauwezi kuegemezwa kwenye shina la mti milele. Tangu hapo Taifa limejenga bila kuchoka. Katika mwaka wa fedha 2021/22 pekee, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 ya sekondari na ya shule shikizi. Tunajivunia kazi hiyo. Lakini mwembe ulipoachwa, ulichukuliwa kuwa ni alama ya umaskini na hakuna aliyetaka kuurudia, hata kwa yale masomo ambayo mwembe wenyewe ndiyo kifaa chake cha kufundishia.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unatoa nafasi ya kurekebisha kasoro hiyo. Unataka mwanafunzi ajenge umahiri, yaani aweze kutenda na si kukariri tu, na umeweka katika elimu ya msingi somo la Jiografia na Mazingira. Neno mazingira limo katika jina la somo. Ni ajabu basi kumkuta mwalimu amechora mto kwa chaki ya buluu, akaandika “chanzo”, “kijito” na “mlango”, ilhali kijito chenyewe kinasikika dirishani.

Mwalimu anaweza kuuliza: nikiwatoa nje nitafundisha nini? Ni swali la haki, kwa sababu vyuo vyetu vya ualimu havikumwandaa vya kutosha, na mwalimu asiyejua la kufanya nje ataishia kuwaacha watoto wacheze. Tuchukue mfano wa kijito hicho hicho. Watoto wa darasa la tano wanapiga vigingi viwili ukingoni, umbali wa mita 10 kati ya kimoja na kingine. Mmoja anadondosha jani kavu kwenye kigingi cha juu, wengine wanahesabu sekunde hadi jani lipite kigingi cha chini. Wanarudia mara tano na kutafuta wastani. Kisha upana wa kijito unapimwa kwa kamba, kina kwa fimbo iliyowekwa alama, na kwa kuzidisha na kugawanya tu wanapata kiasi cha maji yanayopita kila sekunde. Hiyo ni hesabu ya darasa la tano. Nayo ndiyo hesabu, kwa asili yake, wanayoanza nayo wahandisi wa umeme wa maji. Kidatu, jirani kabisa na Sanje, kuna kituo cha megawati 204. Maji ya milima hii huishia katika Mto Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Na Mto Kilombero peke yake huuchangia Rufiji karibu theluthi mbili ya maji yake. Mtoto akiyapima maji hayo mwezi Machi na tena mwezi Oktoba, akaona tofauti kwa namba alizoziandika mwenyewe, hatahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji.

Au tuchukue dimbwi. Bonde la Kilombero limeteswa na malaria kwa vizazi vingi, na mwaka 1957 profesa wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha Ifakara maabara ambayo leo imekua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa mbu na wa vyandarua. Mtoto anaweza kuingia katika sayansi hiyo akiwa na kikombe cheupe tu. Achote maji ya dimbwi lililo nyuma ya choo cha shule, atulie, atazame. Viluwiluwi vya mbu aina ya anofelesi, waenezao malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Vya mbu aina ya kuleksi huning'inia kichwa kikielekea chini. Anayeiona tofauti hiyo kwa macho yake haisahau, na akifika nyumbani ataangalia mtungi, gurudumu lililotupwa na kifuu cha nazi. (Tuongeze tahadhari: watoto wasiingie kwa miguu katika maji yaliyotuama, kwa ajili ya kichocho. Mwalimu achote, wao watazame.)

Mfano wa mti tunautaja kwa ufupi. Kamba ya kupimia unene wa shina, fimbo ya mita moja na vivuli viwili vya jua la asubuhi vinatosha kumfundisha mtoto uwiano na kumwezesha kujua urefu wa mvule asioweza kuupanda. Jioni aandike insha ya Kiswahili juu ya mvule huo, akitaja jina lake kwa lugha ya wazee wa hapo, Wapogoro, Wandamba, Wambunga au Wahehe, baada ya kwenda kuwauliza.

Tunafahamu pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni mtihani. Mwalimu hupimwa kwa ufaulu wa wanafunzi wake, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa muda mrefu umekuwa na maswali mengi ya kuchagua jibu, ambayo humtunuku aliyekariri. Pingamizi hili lina uzito, nalo halimhusu mwalimu wa Sanje. Linawahusu wanaotunga mitihani. Mtaala ukidai umahiri na mtihani ukipima kumbukumbu, mwalimu atafuata mtihani, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Pingamizi la pili ni wingi wa wanafunzi. Darasa lenye watoto 80 haliwezi kuongozwa na mtu mmoja katika njia nyembamba. Ni kweli. Lakini darasa hilo laweza kugawanywa, nusu moja ikibaki na mwalimu wa pili, na Kamati ya Shule inaweza kuwaomba wazee na wazazi wawili watatu waandamane na kundi. Wazee hao hao ndio wenye majina ya miti. Wakija, wasiwekwe mwisho wa msafara kama walinzi wa mbuzi, bali wapewe nafasi ya kusema.

Ama kuhusu hatari, hatutaki mtu yeyote aichukulie kwa wepesi. Tembo wapo, nyoka wapo, na mwamba wa maporomoko huteleza. Haitakuwa busara kuanza na maporomoko, ambayo safari yake huchukua takriban saa nne. Somo la nje lianze na hatua mia moja kutoka mlango wa darasa. Hapo pana wadudu, udongo, mawingu na kivuli cha kutosha kwa muhula mzima. Baadaye, kwa madarasa ya juu, mara moja katika kila muhula, waingie hifadhini wakiwa na askari wa wanyamapori. Hapo ndipo linapokuja suala la fedha, na hapo tunataka kusema bila kuzungukazunguka.

Tangu Januari 2016 Serikali inatoa elimu msingi bila ada. Haitakuwa haki mtoto aliyesamehewa ada ya shule azuiwe kujifunza kwa sababu ya kiingilio cha hifadhi iliyo nyuma ya nyumba yao. Watakaoshindwa kuchangia watajulikana mapema: ni wale wale ambao familia zao zilikuwa zikitegemea kuni za msituni. Shirika la Hifadhi za Taifa limefanya mengi kwa ujirani mwema, na pamoja na wadau wake, wakiwamo wa Kituo cha Ufuatiliaji wa Ikolojia kilichoanzishwa Mang'ula mwaka 2006, limekuwa likiwafikia wanafunzi wa vijiji vya jirani na kuwatembeza hifadhini. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa nchini mwaka 1980, nazo zimeamsha vijana wengi. Tunazipongeza juhudi hizo. Lakini klabu huchukua wenye hamu, na ziara hubeba wachache waliochaguliwa, mara nyingi wale wanaoongoza darasani, kana kwamba msitu ni zawadi ya kufaulu. Sisi tunazungumzia haki ya darasa zima, pamoja na yule anayekaa nyuma asiyejua kusoma vizuri, ambaye pengine huko nje ndiye atakayekuwa wa kwanza kumwona kinyonga. Na asidharauliwe akimwona: katika msitu wa Magombera, ng'ambo tu ya mashamba ya miwa, kinyonga ambaye sayansi haikuwa na habari zake alitambulishwa rasmi mwaka 2009.

Wasomaji wetu walio mijini wasidhani kwamba haya ni ya Kilombero peke yake. Mtoto wa Ifakara mjini, ambaye mafuriko ya Mto Lumemo yameingia mpaka uani kwao, anastahili kupelekwa kuutazama mto huo wakati wa kiangazi na kuelezwa unakotoka. Dar es Salaam ina Bonde la Msimbazi katikati yake na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi pembeni, na wapo watoto wanaomaliza shule ya msingi bila kukanyaga huko isipokuwa kwa basi lipitalo kasi. Wenzetu wa Nairobi wanao Msitu wa Karura ndani ya jiji. Nusura ugawanywe viwanja. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakiutetea. Leo wanafunzi wanaingia humo kwa makundi kujifunza. Ni msitu mdogo mno ukilinganishwa na Udzungwa, lakini unatumika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Ofisi ya Elimu ya Wilaya, ikishirikiana na uongozi wa hifadhi, ianze na shule za msingi za kata za Sanje, Mkula na Mang'ula, ambazo zinapakana na msitu. Vipindi viwili kwa wiki vya Sayansi na vya Jiografia na Mazingira vifundishwe nje, na viandikwe hivyo katika ratiba. Wathibiti ubora, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, waviulize wanapokagua maandalio ya masomo, wala wasimwandikie mwalimu barua ya onyo kwa kukuta darasa lake li tupu saa nne asubuhi. Walimu wa kata hizo wapewe mafunzo ya siku chache hapo Mang'ula, wafundishwe na watafiti pamoja na wazee. Nalo Shirika la Hifadhi liwafutie kiingilio wanafunzi wa shule hizo wanapokuja kwa somo, lisisubiri barua ya maombi kwa kila safari. Muhula unapofunguliwa, ratiba ya safari za shule zote ipelekwe kwa maandishi Mang'ula, na nakala yake abaki nayo askari wa lango la Sanje, ili watoto wakifika asubuhi wakiwa na mwalimu wao asiwaulize wametumwa na nani.